Mkoba Uliolala kwa Mpagazi

Fundi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha stoo akisugua kipande cha mshumaa juu ya zipu ya mfuko wa kulalia. Zipu ikipakwa nta haikwami, na zipu isiyokwama ni nusu ya usingizi wa mtu aliye mlimani, kwa sababu kule juu vidole vikishaganda havina adabu, havitumwi vikatumika. Mifuko mingine ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, ikitoa harufu ya wageni waliotangulia. Nyuma ya ukuta wa uani mlima ulionekana wote, ukifuka moshi kidogo kileleni kama kawaida yake. Wageni walivuka bahari kuja kuiona volkano ile. Watu wa mtaani waliutazama asubuhi ili wajue kama nguo zitakauka.

Mgeni wa safari hii alikuwa mmoja tu, mzee mrefu aliyenyooka, mwenye adabu mpaka inachosha. Akipewa kiti alishukuru. Akiambiwa kiti kimevunjika asikikalie, alishukuru vilevile. Asubuhi yote alikuwa uani akijaribu buti kwenye ubao wa mteremko, ule ambao kila mgeni huteremshwa juu yake kabla ya safari ili ijulikane kama vidole vinagonga mbele. Kiongozi, ambaye alianza kuwapandisha watu mlima ule ndevu zake zikiwa bado nyeusi, alichuchumaa pembeni akibonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba.

"Muulize kama vidole vinacheza," Meneja alisema kutoka dirishani.

"Vinacheza," Kiongozi alijibu bila kumwuliza mtu.

Watu wa kampuni walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Zamani alikuwa Mama Chiriku, na hapakuwa na aliyemwita vinginevyo, maana Chiriku mwenyewe alikuwa akishinda pale uani, mtoto wa kike mwenye mdomo usiojua mapumziko, akiwauliza wageni kwa nini pua zao ni nyekundu na kujijibu mwenyewe kabla hawajafungua kinywa. Kisha Chiriku akashikwa na homa, homa ikaondoka naye, na watu wakaona haya kulitamka jina. Wakawa wanaanza, "Mama... eeh... Fundi," na mwishowe hata ile mama wakaiacha njiani. Aliyebaki na jina la zamani ni mume wake peke yake. Mbele za watu na pasipo watu alimwita Mama Chiriku, naye akamwita Baba Chiriku, na kwa njia hiyo mtoto alikuwa akitajwa nyumbani kila siku, hata pale wazazi walipokuwa wanaulizana tu chumvi iko wapi.

Baba Chiriku alikuwa mpagazi. Mtoto alipougua, yeye alikuwa juu na mgeni mwingine, mahali ambapo simu haishiki. Aliposhuka alikuta kila kitu kimekwisha, hata viti vya kuazima vimekwisha kurudishwa kwa wenyewe. Meneja alimpa mkono wa pole na ruhusa ya nusu siku. Tangu hapo alikuwa na mtoto mgongoni. Jambo hili halikuwa siri wala kioja. Alilala kwa ubavu, hakuegemea kiti, na akipita kwenye mlango mwembamba aligeuka kidogo ili asimgongeshe. Fundi naye alikuwa na wake, lakini wa Fundi alikaa mbele, kifuani, mahali ambapo mtu akizoea anaweza kushona bila kuonekana ana lolote.

Kampuni ilikuwa na desturi zake ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza, mzigo hulala kwa mpagazi. Siku moja kabla ya safari kila mpagazi huenda nyumbani na mzigo atakaoubeba, akalala nao chumba kimoja, kwa sababu mzigo uliolala kwako haukusumbui njiani kwa ugeni. Ya pili, asubuhi ya kuondoka Kiongozi hupitisha kiganja kwenye mgongo wa kila mpagazi getini, kuona kama kuna kitu. Aliyegombana na mkewe, mwenye mama mgonjwa, aliyeota vibaya, wote aliwajua kwa kiganja. Wengi aliwarudisha nyumbani wakaweke chini walichonacho. Lakini akifika kwa Baba Chiriku kiganja kilikuwa kikiruka, kila mara, kama kimesahau. Mahema na masufuria yalikaa juu ya mtoto bila taabu, na zaidi ya hapo Kiongozi ndiye aliyekuwa naye siku ile, kule ambako simu haishiki. Desturi ya tatu tutaifikia.

Mgeni alikuwa na begi kubwa la nguo na mkoba mdogo wa kijivu. Begi halikuwa na neno. Mkoba uliwekwa kwenye mizani, mshale ukatikisika kidogo ukatulia karibu na pale ulipoanzia, na Meneja akasema huo ni wa kuongezea tu, yeyote auchukue. Akatoka mpagazi mmoja wa miraba minne waliyemwita Trekta. Akauinua kwa kidole, akautundika begani, akakaa chini mavumbini akamwita mama yake. Mama yake alikuwa mpishi wa kampuni. Alitoka jikoni akifuta mikono, akamshika kichwa mpaka akanyamaza, kisha akarudi kwenye sufuria lake.

Wa pili alikuwa Mluzi, mtu aliyepiga mluzi tangu anaamka mpaka analala, hata mkewe alishakata tamaa. Alitembea na mkoba hatua chache, akauweka chini taratibu, na mluzi hakuupiga tena. Wa tatu aliugusa tu, akasema ana tumbo.

Mgeni aliwatazama kwa wasiwasi wa kweli. Alieleza, Kiongozi akifasiri, kwamba mkoba ule ulikuwa wa mke wake. Mke ndiye aliyeutaka mlima. Picha yake aliibandika jikoni kwao tangu walipooana, na kila mwaka walisema mwakani. Kisha mke akafa, wakati wa baridi. Ndani ya mkoba mlikuwa na koti lake, kikombe chake, na mengine.

"Mengine yapi?" Meneja aliuliza. Alikuwa mtu wa kujua kilichomo kwenye mizigo.

Kiongozi akauliza. Mgeni akazungumza kwa muda mrefu, akisimama, akianza tena.

"Anasema mengine yote," Kiongozi alifasiri.

Ndipo akaitwa Baba Chiriku. Aliuchukua mkoba, akauvaa. Machozi yalimtoka, ndiyo, lakini alitembea mpaka getini akarudi, na hakuna aliyekuwa amefika nusu ya hapo. Meneja akapiga makofi. Mgongo uliokwisha kufundishwa, alisema, huo ndio mgongo. Kabla hajamaliza kusema, mkoba uliteleza ukaanguka. Wakamvisha tena, wakakaza mikanda. Ukateleza. Kiongozi alisogea polepole, kwa shingo upande, akaweka kiganja, na safari hii hakikuwa na pa kurukia.

"Kuna mtu hapa," alisema.

"Yupo," alijibu Baba Chiriku.

"Mgongo ni mmoja, ndugu yangu."

"Najua."

"Basi kamshushe. Kesho njoo mgongo mtupu."

Fundi alikuwa amesikia yote kutoka kizingitini. Aliinuka, zipu ikiwa bado mkononi. "Amshushe, amweke wapi?"

"Hilo ni la nyumbani kwenu, shemeji," Kiongozi alisema, akitazama buti.

Fundi akaenda mpaka chini ya dirisha la Meneja. Akamwuliza kwa nini mgeni asiubebe mwenyewe, maana mizani imesema ni mwepesi. Meneja akajibu kwamba mgeni habebi. Fundi akasema basi wabadilishane: mgeni ashike wa kwao, nao washike wa mgeni, na wakishuka kila mtu achukue wake. Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliegemeza viwiko dirishani akalifikiria jambo lile kwa dhati, mpaka chai yake ikapoa.

"Mgeni habebi, Fundi," alisema tena, kwa upole kuliko mara ya kwanza.

Mchana ule zipu ya koti la marehemu ililetwa kwa Fundi, kwa sababu mgeni alitaka kuliacha kileleni likiwa wazi kifuani, kama mkewe alivyopenda kulivaa. Fundi alisugua mshumaa. Kwenye ukosi kulikuwa na unywele mweupe, akaupita bila kuugusa. Mgeni alisimama kando yake, mikono nyuma, akiangalia kazi kama mtu anayeangalia dawa ikichanganywa. Fundi alimwomba Kiongozi amwulize kama hawezi, hata kwa kipande tu cha njia, kubeba kilicho chake.

Mgeni hakukasirika. Alisema amekwisha kubeba. Amebeba kwenye ngazi za nyumba yake, dukani, kitandani. Kwao watu wanakupa pole huku wanatazama saa, na hakuna wa kukushikia hata upande mmoja. Ndipo akaona kwenye tangazo la kampuni kwamba huku mgeni hubebewa kila kitu. Alisema alilia kwa furaha aliposoma neno lile, kila kitu. Kisha akashukuru kwa zipu.

Fundi alitaka sana kumchukia. Angekuwa mtu wa dharau, wa kurusha vitu na kuwaitaita watu kwa kidole, chuki ingekuwa kazi nyepesi. Lakini alikuwa mzee mwenye shati lililokosa kifungo, na Fundi aliona aibu kwamba ameliona hilo.

Jioni Baba Chiriku aliingia nyumbani na mkoba. Walikuwa na chumba na sebule, na kwenye kona ya sebule kulikuwa na kigoda kifupi ambacho hakuna aliyekikalia. Alitaka kuuweka mkoba pale.

"Si hapo," Fundi alisema.

Akauweka kando ya ndoo ya maji. Haukupita muda nyumba ikaanza kunuka sabuni ya watu wengine. Dirisha lao, linalotazamana na ukuta wa jirani, likaanza kunyesha mvua kwa ndani, matone membamba ya nchi ya baridi, huku nje vumbi likipeperuka. Fundi alikunja zulia akatandika gunia. Baba Chiriku aliketi mezani, akaomba chai isiyo na sukari, yeye ambaye sukari alikuwa akiila kama mchwa. Alipoinywa akaanza kulia. Alisema mwanamke yule alikuwa akifunga mlango, anarudi, anaufunga tena. Alikuwa akiogopa ngazi za umeme. Akimenya tunda alihakikisha ganda linatoka lote bila kukatika, na likikatika anacheka, na sasa nani atacheka.

Fundi alisimama na birika mkononi. Mume wake alikuwa akimlilia mwanamke mwingine, kwenye kiti chake, na mwenye kumimina chai ni yeye. Ilimuuma, tusimung'unye maneno. Wivu ulimpanda mpaka masikioni, kisha akakumbuka kwamba huyo anayeonewa wivu hana hata pa kuingilia, amebakiwa na mkoba tu, na wivu ukashuka kwa aibu.

Jirani wa mlango wa pili alichungulia. Alikuwa mwanamke asiyekosa msiba wala harusi.

"Jirani, nasikia kilio. Kuna msiba?"

"Upo, lakini si wetu."

"Wa nani?"

"Wa mgeni."

"Aa." Jirani akavuta kichwa chake. "Basi poleni na kazi."

Jirani alipoondoka, Baba Chiriku alijifuta uso kwa kiganja. "Sina njia, Mama Chiriku. Nikiukataa, msimu mzima nitakuwa mtu wa kufagia uani, na msimu ukiisha hata fagio watanipokonya."

"Najua."

"Ni safari moja. Nikishuka nitamchukua."

"Mgongo wako utamjua?"

"Wangu huyo. Nitakosaje kumjua?"

Akavua shati, akasimama amempa mgongo. Fundi hakuwahi kumgusa pale tangu yale yatokee. Alijua vizuri atakachokipokea, au alidhani anajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amempakata Chiriku kwenye benchi la zahanati, mtoto mwepesi kama kanga za kuanikwa, moto, akihema kwa taabu. Alinyoosha mikono akijiandaa kwa joto lile. Kilichomshukia kilikuwa kizito. Kilikuwa cha baridi, kimeshiba, na kilikuwa kinafurukuta. Hapo ndipo alipoelewa. Baba mtu hakuwahi kumwona Chiriku mgonjwa. Alikuwa amembeba Chiriku wa asubuhi ile aliyoondoka, mzima, anacheka, miguu ikimpiga mbavuni.

Na alikuja na vitu vyake. Alikuja na wimbo usio na tyuni kuhusu ndevu za Kiongozi. Alikuja na siri ya kitana cha mama yake kilichopotea, ambacho kumbe alikificha yeye. Alikuja na jiwe: siku ile, mlangoni, baba aliahidiwa busu endapo atamletea jiwe kutoka kileleni, la kijivu, lenye matundu, dogo la kutosha mkononi.

"Hukuniambia habari ya jiwe," Fundi alisema. Alikuwa analia na kucheka.

Baba Chiriku aligeuka, akijinyoosha mabega kama mtu aliyetoka kuoga. "Jiwe gani?"

Fundi alichukua kitambaa akamfunga mtoto mgongoni kwake, kwa kuwa mgongo wake ndio uliokuwa wazi. Sasa alikuwa nao wawili, mgonjwa mbele na mzima nyuma, na hawakuonekana kujuana. Baba Chiriku aliuvaa mkoba ili kuujaribu. Haukuteleza. Aliegemea kiti, mara ya kwanza kwa kipindi kirefu, akaegemea mpaka mwisho, akafumba macho na kuendelea kulia kwa raha.

Kabla mwanga haujaondoka dirishani Fundi alitoa kopo lake la vifungo. Cha njano kilikuwa chini kabisa. Kilitoka kwenye sweta la Chiriku, na alikuwa amekikata mwenyewe siku ile walipomvua. Akalichukua koti la kazi la mume wake, akafumua pindo la chini, akakiweka kifungo ndani na kukishonea kwa uzi maradufu uliopakwa nta, mshono wa mahema ambao upepo wa kileleni hauufungui. Hakutaka mengi. Alitaka tu kwamba kule juu, vidole vikiganda na kutafuta pa kushika, vikute kitu kigumu kidogo na vijiulize ni nini. Mwenye kujiuliza ana njia ya kurudi. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na alilibusu pindo kabla ya kulitundika koti msumarini.

Asubuhi lori lilisimama getini likiunguruma. Wapagazi walipanga mstari, kila mmoja na mzigo wake uliolala kwake. Fundi alikuwa amekuja na mifuko ya kulalia, akaikabidhi, akabaki. Alitembea kwa uangalifu, kwa sababu mtoto wa nyuma alikuwa ameamka na anataka kuona kila kitu. Mgeni alizunguka akiwashukuru watu, akiwemo dereva, akiwemo mtu aliyekuwa anapita tu.

Kiongozi alipitisha kiganja. Alimrudisha Mluzi, ambaye alikuwa na jambo zito asiloweza kulieleza. Alipofika kwa Baba Chiriku aliukuta mgongo mtupu, bapa, mkoba umekaa juu yake kama umezaliwa pale. Akashusha pumzi. Lakini kiganja kilichozoea kazi hakijui kuishia kinapoambiwa, kikateremka mpaka kwenye pindo la koti, kikasimama.

Kiongozi aliinua macho akamtazama Fundi. Fundi naye alimtazama. Kiganja kikaanza kuruka, kama zamani, kama kimesahau.

"Kuna kitu?" Baba Chiriku aliuliza. Alikuwa mpagazi mwaminifu na hakupenda mambo ya kufichaficha. Alijipapasa mwenyewe, akakipata. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata mshono kwa ustadi, taratibu asiharibu kitambaa, akakitazama kifungo kwenye kiganja chake.

"Baba Chiriku!" Fundi aliita.

Hakugeuka. Trekta ndiye aliyegeuka.

"Baba Chiriku!"

Alikuwa akikigeuza kifungo huku na huku juani. Kisha akamwona mwanamke amesimama kando ya mifuko, amebeba mbele na nyuma, na uso wake ukalainika kwa heshima. Akatoka kwenye mstari akamwendea.

"Fundi," alisema, "kifungo chako hiki. Kilinasa kwenye koti langu."

Fundi akakipokea kwa mikono miwili. Akamtakia safari njema. Alikuwa na mengine ya kusema lakini yote yalianza kwa jina.

Walipanda, na hali ya hewa ikawakubali. Mgeni alishuka mlima karibu anakimbia, pua nyekundu, akicheka vitu vidogo. Alimkumbatia kila mtu. Alimwachia Trekta buti, Kiongozi miwani, na koti la mkewe alikuwa ameliacha kileleni, wazi kifuani. Alipoingia kwenye gari la uwanja wa ndege aligeuka akapunga mkono, na mkoba wa kijivu ulikuwa bado mgongoni kwa Baba Chiriku. Ndipo ikaja desturi ya tatu: kilichoachwa na mgeni ni cha mpagazi. Wapagazi walimpa hongera. Meneja alitoka nje kumshika mkono, akasema kampuni inajivunia watu kama yeye. Trekta alimpongeza kutoka mbali.

Jioni ile Fundi alimngojea mumewe amesimama. Alipoingia, Fundi alimpa mgongo, akalegeza fundo la kitambaa.

"Mchukue basi. Anakuulizia jiwe."

Alikuja karibu. Alipapasa kwa kiganja, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya watu. "Samahani, Fundi," alisema. "Ningekusaidia, lakini mgongo umejaa." Akautundika mkoba msumarini nyuma ya mlango, na hata ulipotundikwa haukumtoka. Aliomba chai isiyo na sukari. Alikuwa mtu mzuri ndani ya nyumba, hilo lisemwe. Alichota maji bila kuambiwa, hakuinua sauti, alifunga mlango, akarudi akaufunga tena.

Mgeni alifika kwao akawasimulia wenzake. Msimu uliofuata walikuja wengi, watu wa adabu, kila mmoja na kimkoba ambacho mizani haikuwa na la kusema juu yake. Meneja aligongomea rafu ya mikoba stoo. Mtaani, siku moja kabla ya safari, madirisha yalinyesha kwa ndani nyumba hadi nyumba, na watu walitandika magunia mapema. Jirani wa mlango wa pili aliacha kuuliza. Mwanawe naye alikuwa ameajiriwa kampuni, na alikuwa amejifunza kumlilia mzee mmoja mpiga kinanda.

Fundi hakunyooka tena vizuri. Kwa watu wa stoo alisema ni kazi ya cherehani, na wakamwongezea mto kwenye kiti. Jioni alishona nyumbani, mmoja amelala kifuani kwa homa yake, mwingine anaongea begani bila kupumzika, naye akimjibu chinichini.

Jioni moja mume wake aliinua uso kutoka kwenye kikombe. "Fundi, unaongea na nani?"

"Na mtoto."

"Ana jina?"

"Anaitwa Chiriku."

Aliinamisha kichwa upande, akalisikiliza. Alilifikiria kwa dhati, mpaka chai yake ikapoa.

"Jina zuri," alisema, kisha akaegemea kiti akaendelea kumlilia mke wake.

Mgongoni Chiriku aliuliza yule baba ni nani, na kama kawaida yake hakusubiri jibu. "Mgeni," akajijibu, na Fundi akasogeza kitambaa chini ya sindano, akaendelea kushona.